Mimi ni mwanaume, nalea watoto wachanga Shauri Moyo: jinsi karatasi ya Jumatatu ilivyookoa daycare zetu

Wakuu niaje. Salamu zenu kutoka Shauri Moyo.

Hapa mimi huwa msomaji tu. Nasoma, nacheka, napita. Leo nimesema wacha na mimi niweke yangu. Majina ya watu nimebadilisha. Mambo yenyewe nimeyaacha jinsi yalivyotokea, hata pale nilipoaibika.

Naitwa Musyoka, miaka thelathini na sita. Kazi yangu ni kulea watoto wa watu.

Cheka kwanza, nakungoja.

Sawa, twende.

Kabla ya hii kazi nilikuwa mchongaji. Twiga, vifaru, wale morani wembamba ambao watalii hupenda. Nilifundishwa na mjomba wangu nikiwa nimeacha shule form two, na mikono yangu ilitulisha miaka mingi. Halafu oda zikaanza kupungua, workshop ikabaki na watu watatu, mwishowe ikafungwa.

Mamangu, ambaye sisi Wakamba tunamwita Mwaitu, alikuwa na daycare pale nyumbani. Chumba kimoja, na nje kibaraza kidogo. Wateja wake ni akina mama wa soko la Gikomba, wale wa mitumba. Wanafika asubuhi na mapema, wanaacha mtoto, chupa ya maziwa na nepi mbili, wanakimbia kuwahi bale za nguo zikifunguliwa.

Mwaitu akapigwa na stroke. Upande wa kushoto ukalala, maneno yakawa yanatoka nusunusu.

Jumatatu baada ya kumtoa hospitali, niliamka nikakuta akina mama wamejaa mlangoni, watoto mgongoni. Hawakuwa wamesikia. Mmoja akaanza kulia, si kwa sababu ya Mwaitu tu, ni kwa sababu hakujua ampeleke mtoto wapi siku hiyo.

Mwaitu akaniita kitandani. Akasema, polepole, "Syoka. Wachukue. Leo tu."

Hiyo "leo tu" ni miaka minne sasa.

Sikuwa peke yangu, lazima niseme. Kuna Aunti Nafula, mama wa Bungoma, amefanya kazi na Mwaitu tangu zamani. Yeye na mimi tuliweka sheria siku ya kwanza kabisa. Kubadilisha nepi na kuogesha ni yeye. Uji, michezo na kulaza ni mimi. Mlango unakaa wazi siku nzima na pazia limefungwa fundo, mtu yeyote apite aone. Mzazi anaingia saa yoyote bila kupiga hodi.

Hata hivyo kuna mama walihamisha watoto. Sikuwalaumu. Mimi mwenyewe ningekuwa mama, ningefikiria mara mbili.

Kwa base, pale vijana wa mtaa huketi, nako waliniita Mama Syoks. Nikipita na beseni la nguo za watoto, wanapiga makofi. Nilizoea. Watu husema ni uongo kwamba mtu huzoea, lakini niamini, mtoto wa miezi saba akikulalia kifuani makofi ya base huyasikii.

Sasa tuingie kwa stori yenyewe.

Siku moja, saa nne asubuhi hivi, wakaingia watu wawili wa public health. Mkubwa wao alikuwa mama mrefu wa miwani. Mtaani tunamwita Madam tu.

"Mwenye hii daycare ni nani?"

"Ni mimi."

"Namaanisha yule mama."

"Ni mimi, Madam. Mama ni mgonjwa."

Aliniangalia kutoka kichwa hadi kwa slippers. Halafu akaanza kuzunguka. Na wakuu, hapa ndipo niliaibika, kwa sababu kila kitu alichoonyesha kilikuwa kweli.

Jiko la makaa lilikuwa ndani ya chumba wanacholala watoto. Dirisha lilikuwa moja, dogo, na tulikuwa tumelipigilia kadibodi sababu ya baridi. Hatukuwa na daftari la watoto. Ukiniuliza nani amepata chanjo gani, nilikuwa nakisia. Sisi tunaopika hatukuwa tumepimwa afya.

Alisimama juu ya lile jiko, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Unajua moshi wa hili jiko unaweza kuwalaza hawa wote wasiamke?"

Sikujua. Naapa sikujua. Mwaitu alipika hivyo, na nyanya yangu alipika hivyo.

"Na hukuja training," akasema.

"Training gani?"

"Ya walezi wa watoto. Bure kabisa. Imefanyika social hall, hapo tu. Imeisha wiki jana."

"Madam, hakuna mtu aliniambia."

"Tangazo liliwekwa."

Akaniandikia karatasi. Siku thelathini. Nisiporekebisha hayo yote na mlezi mmoja angalau asipopata training, chumba kinafungwa.

Walipotoka, Aunti Nafula aliketi kwenye mkeka katikati ya watoto, akajifunika uso na leso. Watoto wakadhani ni ule mchezo wa kujificha. Wakaanza kucheka na kuivuta ile leso. Mimi nikatoka nje nisionekane.

Kesho yake nilienda kulitafuta hilo tangazo. Nilitaka kujua liliwekwa wapi kama mimi ninayeishi hapo hapo sikuliona.

Nililipata. Lilikuwa ofisini kwao, ghorofa ya kwanza, ndani ya ubao wa kioo, katikati ya tangazo la zabuni na tangazo la mtu aliyepoteza title deed. Kwa Kiingereza. Herufi ndogo.

Lakini wakuu, nilipoendelea kusoma ule ubao nilisahau hasira. Kulikuwa na training nyingine inakuja baada ya wiki mbili. Kulikuwa na siku za kupimwa afya kwa watu wanaopikia wengine. Nikaenda dispensary, nikakuta kwa ukuta wao pia kuna habari: siku ya matone ya vitamini A na dawa ya minyoo, mtu wa lishe anayepatikana Alhamisi, siku ya kupima masikio ya watoto. Kwa chifu nikakuta nyingine.

Yaani msaada ulikuwepo. Umejaa. Umebandikwa mahali ambapo mtu mwenye watoto kumi na wawili kwa chumba hawezi kufika.

Nilinakili yote kwa kalamu, mgongoni mwa ile karatasi ya kufungwa.

Nikajiuliza, kama mimi sikusikia, wengine je? Nikaanza kutembea. Shauri Moyo yote, halafu nikavuka mpaka mtaa jirani wa Ziwani. Nilitembelea kila daycare niliyoonyeshwa. Karibu wote walikuwa na karatasi kama yangu. Karibu wote hawakujua kuna training.

Ziwani ndiko nilikutana na Mama Jero. Huyu ni mama wa miaka hamsini na kitu, mnene, mdomo wake hauna breki. Amelea watoto wa mtaa mzima. Alinikuta mlangoni kwake nikichungulia.

"Wee! Unatafuta nini kwa watoto wa wenyewe?"

"Mum, mimi pia ni mlezi, kule Shauri Moyo."

"Mlezi wa nini? Kuku?"

Nikamweleza. Akasikiliza ameshika kiuno. Nikamuuliza kama yeye pia alipewa karatasi ya siku thelathini. Akanielekeza na kidevu. Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne, imewekwa chini ya mguu wa meza ili isitikisike.

"Hao huja kila mwaka," akasema. "Wanaandika, wanaenda."

"Na training, Mum?"

"Mimi nilikuwa nalea kabla hujazaliwa. Nifundishwe nini?"

Niliondoka hapo mikono mitupu. Lakini njiani nikapata wazo, na ndilo wazo bora nimewahi kupata maishani.

Nikachukua karatasi moja nyeupe. Juu nikaandika HABARI ZA WALEZI. Chini nikaandika zile habari zote kwa Kiswahili cha kawaida, kile tunachoongea, kila moja na siku yake na mahali pake na cha kubeba. Na kwa sababu mimi ni mchongaji na mchongaji lazima achore kwanza, nikachora. Mtoto anatiwa matone. Mama na kitabu cha clinic. Jiko likiwa nje, chumba ndani.

Nikapiga photocopy kwa cyber. Jumatatu, Aunti Nafula akabaki na watoto pamoja na binti yake, mimi nikazunguka kwa miguu nikipeleka mlango kwa mlango. Wenye simu nzuri nikawatumia picha kwa WhatsApp.

Wengine walicheka. Kuna mmoja aliitumia kufungia mandazi mbele yangu. Mama Jero aliipokea bila kusoma, akaibandika ukutani juu ya ufa uliokuwa unaingiza upepo.

Jumatatu iliyofuata nikarudi na nyingine.

Siku ya training nilifika mapema, mwanaume peke yangu. Nikaketi nyuma. Wakaanza kuingia. Wawili, watano, halafu wakawa wanaingia kwa makundi, wengine na watoto mgongoni, karatasi yangu mkononi. Viti vikaisha. Wakaleta benchi za kanisa jirani, nazo zikaisha.

Madam alisimama mbele akiwa haamini. Akauliza, "Nyinyi nyote mmejuaje?"

Mama mmoja nyuma akainua karatasi. "Ni hii ya Anko Syoks."

Wakageuka wote kuniangalia. Wakuu, nilitamani ardhi inimeze, lakini kwa raha.

Tulifundishwa mambo mengi. Kuongea na mtoto hata kama hajibu. Kulaza mtoto mchanga chali. Kuweka rekodi. Lakini lililonishika zaidi ni lile la kitu kumkwama mtoto kooni. Tulifanya mazoezi na midoli ya plastiki. Nilikuwa naogopa nitaivunja.

Jumatatu hiyo karatasi yangu haikuwa na habari nyingine. Nilichora picha tu, kubwa, za mtoto ambaye hajafika mwaka. Mtoto amelazwa kifudifudi juu ya mkono, kichwa chini kuliko kiuno, anapigwa mgongoni katikati ya mabega mara tano. Halafu amegeuzwa chali, vidole viwili katikati ya kifua, anabonyezwa mara tano. Halafu tena mgongoni. Chini nikaandika kwa herufi kubwa: USIINGIZE KIDOLE KUTAFUTA KITU USICHOKIONA. ITA MSAADA.

Nikazunguka nayo. Mama Jero, ambaye hakuja training, akaitoa ile ya zamani ukutani, akabandika hii mpya juu ya ufa. "Hii angalau ina picha," akasema.

Siku nne baadaye, saa tisa mchana, niko kibarazani nalisha mtoto uji. Nikaona mtu anakuja mbio kutoka upande wa barabara. Ni Mama Jero. Hana viatu, leso inaburuta, mtoto amemkumbatia kifuani.

Nilisimama. Nilidhani mtoto amekufa.

Alipofika aliketi kibarazani akihema. Aunti Nafula akamletea maji. Mtoto, kasichana ka miezi tisa, alikuwa anatuangalia macho makubwa, ananyonya ncha ya leso.

Ndipo Mama Jero akasema. Alikuwa anachagua maharagwe kwa sinia. Akageuka kidogo tu kumtuliza mwingine. Aliporudisha macho, huyu alikuwa amekodoa macho, mdomo wazi, hakuna sauti. Hakohoi, halii. Uso unageuka rangi.

"Zamani ningeingiza kidole," akasema. "Mkono ulikuwa tayari unaenda. Halafu nikainua macho, nikaona ile karatasi yako."

Akamlaza juu ya mkono kama kwenye picha. Akapiga. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Hakuna. Akamgeuza, akabonyeza kifua, akihesabu kwa sauti huku akiangalia ukuta. Hakuna. Akamrudisha, akapiga tena. Kwa pigo la tatu harage likaruka, likagonga sufuria. Mtoto akalia.

"Syoks," Mama Jero akasema, "tangu nizaliwe sijawahi kupenda kilio hivyo."

Alikuwa ametoka dispensary, wamemwangalia mtoto, wakasema kifua kiko sawa. Kutoka hapo hakwenda kwake. Alikuja kwangu moja kwa moja.

Alinishika mkono na mikono yake yote miwili. Akaniambia, "Hiyo training ni lini tena? Mimi nitakaa mbele."

Mimi nililia mbele ya watoto wote, bila leso, bila kujificha.

Habari ilisambaa kuliko karatasi yoyote niliyowahi kupiga. Jioni hiyo hiyo mama wa yule mtoto alikuja kutoka Gikomba akiwa bado na vumbi la bale, akapiga magoti kwa Mama Jero hapo nje, majirani wote wakitazama. Kufika wiki iliyofuata nilikuwa naitwa na watu wa mitaa sijawahi kukanyaga, wanauliza karatasi ya Jumatatu.

Lakini siku thelathini zilikuwa zinaisha, na bado nilikuwa na shida ya dirisha.

Jiko tulilitoa siku ile ile Madam aliposema. Nililijengea kibanda cha mabati nyuma. Daftari nilikuwa nalo. Mimi na Nafula tulikuwa tumepimwa. Ila dirisha kubwa lilihitaji kukata ukuta, na mwenye nyumba, mzee mmoja anaishi Njiru, alikataa kwa simu.

"Ukuta wangu haukatwi, kijana. Ukitaka upepo, keti nje."

Nilimwambia Mama Jero. Akasema, "Mwambie aje Jumamosi akuone. Usimwambie mimi nitakuwepo."

Jumamosi mzee akaja. Akakuta kibaraza kimejaa. Walezi wa Ziwani, walezi wa Shauri Moyo, mama wa Gikomba na watoto mgongoni, wote wametulia kabisa, hakuna anayepiga kelele. Mama Jero akampa kiti katikati. Akamweka yule mtoto wa harage kwa mapaja yake, bila kumuuliza.

"Mzee," akasema, "huyu anaomba hewa."

Mzee akaangalia mtoto. Mtoto akamshika ndevu.

"Kata," mzee akasema. "Lakini fremu iwe nzuri."

Fremu iwe nzuri! Mnamwambia nani? Mimi nimechonga twiga mpaka nywele za shingo. Nilitengeneza fremu ya mbao ngumu, na nikiwa hapo nikaunda rafu fupi ya midoli, vitanda viwili vidogo na magari ya mbao yenye kona laini, nikayapiga msasa mpaka ukipitisha shavu husikii mkwaruzo. Wengine wakaona, wakataka. Wiki hiyo ya mwisho nilifanya kazi kwa daycare tano, na walezi wao wakanishikia watoto kwa zamu.

Siku ya thelathini Madam akaja.

Alizunguka pole pole. Alifungua daftari, akachagua jina moja katikati, akamuuliza Nafula mtoto huyo chanjo yake inayofuata ni lini. Nafula akajibu bila kuangalia. Madam akasimama kwa dirisha. Akapitisha kidole kwa fremu.

Kulikuwa na mama mmoja amekuja kuchukua mtoto mapema. Madam akamgeukia.

"Mama, huogopi kumwachia mwanaume mtoto?"

Huyu mama alikuwa mmoja wa wale waliohamisha watoto mwanzoni. Alikuwa amerudi wiki mbili tu.

Akajibu, "Madam, nilimtoa hapa nikampeleka mahali pengine nikiogopa. Huko mlango ulikuwa unafungwa, sikujua kinachoendelea ndani. Hapa naingia saa yoyote."

Madam akaandika. Akapiga muhuri. Akanipa karatasi, na safari hii alinipa kwa mikono miwili.

Na wakuu, si mimi tu. Kwa daycare zote zilizokuwa zinapokea karatasi ya Jumatatu, hakuna hata moja iliyofungwa. Hata ya Mama Jero, ambaye Madam alimwongezea siku, akahudhuria training iliyofuata, akakaa mbele kama alivyoahidi, na akamkosoa mwalimu mara mbili.

Jioni hiyo tulipika chapati kwa lile jiko la nje. Mwaitu tulimtoa nje akiwa kwa kiti. Alikula mbili, na wanawake wakaimba mpaka watu wa base wakaja kuuliza kuna harusi ya nani.

Siku hizi Madam hunitumia habari kabla hajaziweka kwa ubao wa kioo. Walezi wameniandika katibu wa kikundi chetu. Karatasi imefika Njiru, kuna watu huko wanaipiga photocopy na kuongeza habari zao.

Wiki jana nikapigiwa simu na namba nisiyoijua. Sauti ya mwanaume, anaongea kama anajificha. Akasema yuko Njiru, alikuwa dereva, sasa anasaidia mkewe kulea watoto wa majirani. Ameona karatasi mlangoni kwao, akaona jina na namba yangu chini.

Akauliza, "Kwani wewe ni mwanaume kweli?"

Nikamwambia kweli.

Halafu akasema, "Nilidhani niko peke yangu." Na akaanza kuniuliza maswali, moja baada ya lingine, tukaongea mpaka simu yake ikaisha chaji.

Nilichojifunza ni hiki. Walezi wetu si wajinga na si wabaya. Wengi hawajaambiwa tu. Mtu akiambiwa kwa lugha yake, mlangoni kwake, na mtu anayemjua, anabadilika haraka kuliko mnavyofikiria. Na wewe unayejua kitu kidogo cha kumlinda mtoto, usikikalie. Kiandike. Kichore kama unaweza.

Sasa nawaachia uwanja. Kwa mtaa wako, mlezi wa watoto hupata habari wapi? Kuna mwanaume mwingine humu anafanya hii kazi? Ajitokeze, hatutamcheka, na akichekwa nitakuwa wa kwanza kumjibia. Na kama kuna mzazi hapa ana swali lolote la kuchagua daycare, aulize, nitajibu ninachojua na nisichojua nitamuuliza Mama Jero.

Wameanza kuamka. Naenda kupoza uji.